Ghala ya Picha Katika Mirihi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumiwa sana na wafanyabiashara, lakini mwaka wa 2004 ukweli wake ulidhihirika mahali pasipo na soko wala duka, yaani katika sayari ya Mirihi.

Tarehe 4 Januari mwaka huo, kigari kilichoitwa Spirit, mali ya shirika la NASA la Marekani, kilitua salama katika bonde la Gusev. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miamba na kupiga picha. Kamera zake hazikutumia filamu. Ziligeuza nuru kuwa tarakimu, nazo tarakimu hizo zikawekwa katika ghala ya kumbukumbu ya kompyuta, zikingoja zamu ya kupelekwa duniani kwa redio.

Tarehe 21 Januari kigari kilinyamaza. Hapo kwanza wahandisi waliokuwa Pasadena, California, walidhani kuwa mvua ya radi iliyonyesha Canberra, Australia, penye mitambo ya kupokelea mawimbi, ndiyo iliyowakatizia mawasiliano. Mvua ikapita, lakini kigari hakikujibu ipasavyo. Kompyuta yake ilikuwa ikizimika na kuwaka tena, zaidi ya mara 60, wala haikulala usiku, hata betri zikaanza kuishiwa na nguvu. Hofu ilizidi kwa kuwa kigari cha pili, Opportunity, kilichotengenezwa kwa namna ile ile, kilikuwa karibu kutua.

Mtu mwenye pupa angalifuta kila kitu papo hapo. Wahandisi hawakufanya hivyo. Kwa kuwa waliishuku ghala, waliiamuru kompyuta iamke bila kuigusa, mfano wa mtu aingiaye nyumbani kwa mlango wa uani. Kila amri ilichukua zaidi ya dakika 10 kufika. Tarehe 24 Januari walikuwa wamekwisha kukitiisha kigari, na kesho yake Opportunity kikatua salama.

Ndipo chanzo cha maradhi kilipojulikana. Ghala haikuvunjika, bali mafaili yalikuwa yamezidi wingi, pamoja na yale yaliyokusanywa safarini tangu Juni 2003. Hata faili lilipofutwa, nafasi yake katika orodha ilibaki. Kila ilipoamka, kompyuta ilijaribu kuisoma orodha nzima, ikakosa nafasi, ikazimika. Ikaamka tena na kurudia yale yale.

Mwishoni mwa Januari, Spirit kilituma picha ya mkono wake, ungali umenyooshwa kwenye jiwe kama ulivyoachwa. Mafaili ya safari yasiyohitajika yakaondolewa, na mwezi wa Februari ghala yote ikasafishwa na kupangwa upya.

Kigari hicho kilichokusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mirihi kiliendelea hadi Machi 2010, na kikatuma picha zaidi ya 120,000.

Msomaji, kurundika vitu si kuvihifadhi. Ahifadhiye hana budi kujua alicho nacho, na kuondoa kisichofaa kabla hakijakisonga kifaacho. Tena, yakimharibikia, kwanza hutafuta sababu, ndipo afute. Maana kilichofutwa kwa haraka huenda kisirudi kamwe.