Kadi za Jina Moja, Chipu za Nasaba Mbalimbali

Mtu akifungua skrubu za kipoza joto cha kadi ya michoro aina ya GTX 1070, ambayo kampuni ya NVIDIA iliitoa sokoni mwezi wa Juni 2016, ataiona prosesa katikati ya ubao, na kando yake chipu 8 nyeusi za kumbukumbu, kila moja ikiwa na gigabaiti 1. Na akizimulika chipu hizo kwa upande, ataona maandishi madogo ya kijivu ambayo aghalabu hayasomeki mpaka taa iinamishwe. Katika kadi za zama zile, maandishi yakianza kwa K4G, chipu ilitoka kwa Samsung wa Korea ya Kusini. Yakianza kwa H5G, ilitoka kwa SK Hynix, jirani na mshindani wake. Na yakiwa ni D9 na herufi tatu nyuma yake, ilitoka kwa Micron wa mji wa Boise, katika jimbo la Idaho huko Marekani. Sanduku lililoileta kadi halikutaja lolote kati ya hayo.

Basi kadi mbili zaweza kuwa na jina moja na bei moja, zikanunuliwa duka moja siku moja, ilhali nasaba za kumbukumbu zake ni mbalimbali. Nami naona kwamba taarikhi ya biashara hii imeandikwa katika herufi hizo ndogo kwa ukweli mkubwa kuliko ilivyoandikwa juu ya masanduku, kwa sababu jina la kadi humwahidi mnunuzi kima fulani cha kazi, wala halimwahidi asili moja.

Desturi yenyewe haikuzuliwa na wauzaji wa kadi za michoro. Wanunuzi wakubwa wa vifaa vya elektroniki walichelea tangu zamani kutegemea kiwanda kimoja, kwa kuwa kiwanda hicho kikiungua, kikifilisika au kikipandisha bei, biashara yote ya mnunuzi husimama. Ndiyo sababu IBM, ilipoichagua prosesa ya Intel kwa kompyuta zake ndogo, ilitaka awepo mtengenezaji wa pili, na AMD ikapewa ruhusa hiyo kwa mkataba wa mwaka 1982. Katika kumbukumbu sharti hilo lilikuwa zito zaidi, maana soko lake hupanda na kushuka kama bamvua na maji mafu. Wala wingi wa wauzaji haukuwa kinga kamili: mwaka 2005 Samsung ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kutozwa faini ya dola milioni 300, na Hynix dola milioni 185, kwa kosa la kupatana bei kwa siri.

Ili chipu za viwanda mbalimbali ziweze kukaa juu ya ubao mmoja, jumuiya ya viwango iitwayo JEDEC hutunga kanuni zinazowafunga wote. Chipu ya GDDR5, aina ya kumbukumbu iliyomo katika GTX 1070, awe ameitengeneza nani, ina vitone 170 vya kulehemu mahali pale pale, na huitikia amri zile zile. Walakini kanuni huweka mipaka tu, na ndani ya mipaka hiyo kila kiwanda kina ustadi wake. Kumbukumbu ya namna hii huhifadhi chaji ndogo mno za umeme katika vijumba vilivyopangwa safu kwa safu. Safu hufunguliwa, ikangojewa, ikasomwa, ikafungwa, na vipindi vya kungoja, ambavyo hupimwa kwa nanosekunde, havilingani kwa Samsung na kwa Micron. Kwa hiyo BIOS ya kadi, yaani programu inayoiamsha, hubeba majedwali ya vipindi hivyo, kila kiwanda na lake. Na kadi inapowashwa huisoma namba ya utambulisho iliyomo ndani ya chipu, kisha hushika jedwali linalostahiki.

Namba hizo si siri. Katika programu ya Linux inayoendesha kadi za AMD zimeorodheshwa waziwazi: Samsung ni 1, Infineon ni 2, Elpida ni 3, Etron ni 4, Nanya ni 5, Hynix ni 6, kisha zafuata Mosel, Winbond na ESMT, na mwisho kabisa Micron, ambayo namba yake ni 15. Sijui kama upo waraka mfupi kuliko huo unaoeleza mengi kuliko hayo, kwa maana baadhi ya walioandikwa humo wamekwisha kuondoka sokoni na namba zao zingali zimehifadhiwa. Infineon wa Ujerumani aliitenga kazi yake ya kumbukumbu mwaka 2006 ikawa kampuni iitwayo Qimonda. Na Qimonda ndiyo iliyoipatia AMD chipu za GDDR5 kwa ajili ya Radeon HD 4870, kadi ya kwanza kuitumia kumbukumbu hiyo, iliyotoka Juni 2008. Heshima hiyo haikudumu, kwani Januari 2009 kampuni iliomba hifadhi ya mufilisi, na elimu yake ya kumbukumbu za michoro ikarithiwa na Elpida wa Japani, aliyekuwa amezaliwa mwaka 1999 kwa muungano wa kazi za NEC na Hitachi. Elpida naye alifilisika Februari 2012, akanunuliwa na Micron Julai 2013.

Miezi michache baada ya ununuzi huo AMD ilitoa R9 290X na R9 290, zenye chipu 16 kila moja, nyingine za Hynix na nyingine zikiwa bado na jina la Elpida. Baadhi ya wateja walilalamika kwamba kioo kilikuwa kikizimika ghafla na kubaki cheusi katikati ya mchezo, na haukupita muda lawama ikaangukia Elpida, hata watu wakawa wanauliza dukani jina la kiwanda kabla ya kutoa fedha. Kwa insafu yapasa kusemwa kwamba wenye kadi za Hynix nao hawakusalimika wote. Lakini tangu hapo swali la asili ya kumbukumbu lilikuwa limekwisha kuingia katika vinywa vya wanunuzi, wala halikutoka tena.

Kisa cha GTX 1070 kina uzito wa pekee, kwa kuwa ndani yake chanzo na dawa vilionekana. Kadi za mwanzo, zile zilizopelekwa kwa magazeti na wapimaji na kusifiwa, zilikuwa na chipu za Samsung. Baadaye mwaka ule ule, pasipo tangazo, zikaanza kutoka kadi zenye chipu za Micron. Waliozoea kuongeza kasi ya kumbukumbu kupita kima cha kiwandani waliona miraba miraba ikitapakaa juu ya kioo na kompyuta ikikwama, hata kwa nyongeza ambazo ndugu zake wa Samsung walizistahimili bila taabu. Mwezi wa Oktoba 2016 ikaja BIOS mpya kwa watengenezaji wa kadi, nao wakaigawa kwa wateja, na hitilafu ile ikatulia. Maadamu programu iliponya, ni dhahiri kwamba chipu za Micron hazikuwa mbovu: zilikuwa zimeendeshwa kwa maagizo yasiyozifaa. Ubaya uliobaki ni kwamba sifa zilizoandikwa na wapimaji zilipatikana kwa kadi zenye kumbukumbu ambayo mnunuzi wa miezi michache baadaye hakuwa na yakini ya kuipata.

Tofauti hizo zikageuka kuwa thamani ya fedha kwa sababu ya wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, waliozitumia kadi hizo kwa hesabu zao. Kila jaribio moja la hesabu yao lilidai kumbukumbu isomwe mara 64, kila mara baiti 128, yaani takriban kilobaiti 8. Na kwa kuwa RX 480 ya gigabaiti 8, iliyotoka Juni 2016, iliweza kupitisha gigabaiti 256 kwa sekunde, ukomo wake ulikuwa majaribio kama milioni 31 kwa sekunde. Kadi kama ilivyotoka kiwandani haikufika huko, kwa ajili ya vile vipindi vya kungoja. Wachimbaji wakaifungua BIOS, wakachukua vipindi vifupi vilivyowekwa kwa kasi ndogo, wakavinakili katika safu za kasi kubwa. Na katika kazi hiyo chipu za Samsung zilisifiwa kuliko zote, kiasi cha muuzaji wa kadi kuukuu kutaja jina hilo mwanzoni mwa tangazo lake. Programu ndogo iitwayo GPU-Z, inayoonyesha jina la kiwanda cha kumbukumbu bila kufungua skrubu hata moja, ikawa mizani ya soko.

Hata hivyo sifa na lawama zikishaenea huenda mbali kuliko ushahidi. Mwaka 2018 baadhi ya kadi za RTX 2080 Ti zilipokufa mapema, wengi waliinyoshea kidole kumbukumbu ya Micron, hasa zilipoonekana kadi zilizofuata zikiwa na chipu za Samsung. NVIDIA ilisema tu kwamba baadhi ya mbao za mwanzo zilipenya vipimo vya ukaguzi, bila kuitaja kumbukumbu, nami sioni haki ya kumhukumu mtengenezaji kwa kuwa jina lake lilionekana karibu na msiba.

Ninachokiona haki ni kwamba nasaba itangazwe. Watengenezaji huandika juu ya sanduku urefu wa kadi, umeme inaoutumia na idadi ya feni zake. Neno moja la kiwanda cha kumbukumbu lisingewagharimu kitu, na mnunuzi angepima mwenyewe. Zipo kadi ambazo swali hili halikuzihusu: GTX 1080 ya mwaka 2016 na RTX 3080 ya mwaka 2020 zilitumia GDDR5X na GDDR6X, ambazo Micron peke yake ilizitengeneza, hivyo kila mnunuzi alipata asili ile ile, na NVIDIA ikabaki na mlango mmoja wa kubisha. Lakini GDDR7, ambayo kanuni zake JEDEC ilizichapisha Machi 2024, inatengenezwa na Samsung, SK Hynix na Micron wote watatu, hivyo swali limerudi.