Maandishi Ndani ya Picha: Lubumbashi na Kinshasa

Herufi ziliingia rasmi katika uchoraji wa kisasa mwaka 1911, Georges Braque alipopaka kwa stensili herufi na namba juu ya picha yake Le Portugais. Mwaka 1929 Mbelgiji René Magritte akachora kiko, na chini yake akaandika kwamba hicho si kiko. Kwa Wazungu hao maneno yalikuwa fumbo. Afrika ya Kati iliyapa kazi nzito zaidi.

Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo wenye kusema Kiswahili, wachoraji wa miaka ya 1970 walichora juu ya magunia ya unga na kuwauzia watu wa mjini picha za kutundika sebuleni. Mojawapo ya zilizopendwa ni ya mfungwa aliyelazwa chini, askari Mwafrika akimchapa, mzungu akitazama, na bendera ya Ubelgiji ikipepea. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huo mwaka 1947, aliiandika "COLONIE BELGE 1885–1959", yaani koloni la Ubelgiji. Miaka hiyo ni ubishi mtupu. Vitabu vya shule hutenganisha Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, ya 1885, na koloni la Ubelgiji lililoifuata mwaka 1908. Uhuru nao ulipatikana 30 Juni 1960. Kwa Tshibumba kiboko ni kilekile tangu mwanzo, na kinakomea 1959, mwaka wa ghasia za Leopoldville (Kinshasa ya leo). Ukiufuta mstari huo wa maandishi, yanabaki mateso yasiyo na mwaka wala mwenyewe.

Tshibumba alijiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi nzima, picha zipatazo 100. Alizieleza kwa Kiswahili, ingawa maandishi yake ni ya Kifaransa, tena chenye makosa ya tahajia yasiyoharibu kitu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda.

Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango. Mwaka 1975 alifungua karakana yake. Wapita njia walizitupia picha jicho na kuondoka. Basi akazijaza maelezo ya Kifaransa na Kilingala, ili anayetaka kujua kisa asimame asome. Hila hiyo ya mfanyabiashara ilimfikisha mbali: mwaka 1989, bila kusomea sanaa chuoni, alishiriki maonyesho ya Magiciens de la Terre nchini Ufaransa.