Daftari la hati za intaneti li wazi kwa ajuaye kuuliza

MWANANCHI aliyewahi kufuatilia faili katika afisi ya umma anafahamu swali lililo gumu kuliko yote: faili iko wapi? Karani mmoja humwelekeza kwa mwenzake wa ghorofani, na wa ghorofani humrudisha alikotoka. Mara nyingi hati yenyewe haijapotea. Kinachokosekana ni daftari la kuonyesha ilitoka meza ipi, siku gani na kwa mkono wa nani.

Jopo linalotunga kanuni za kiufundi za intaneti, lijulikanalo kwa herufi IETF, linalo daftari la aina hiyo. Jopo hilo lilikutana kwa mara ya kwanza mjini San Diego, Marekani, mnamo Januari 1986. Halina wanachama rasmi wala halipigi kura. Maamuzi yake hufikiwa kwa maafikiano ya jumla. Daftari lake huitwa Datatracker, nalo ni hifadhidata inayofuatilia kila rasimu tangu iwasilishwe hadi ichapishwe au iachwe ife. Hati zilizokamilika hutolewa katika mfululizo uitwao RFC, ulioanza Aprili 1969 kwa hati iliyoandikwa na Steve Crocker.

Kurasa za Datatracker zaweza kusomwa na yeyote mwenye kivinjari. Hata hivyo, mtafiti anayetaka habari za hati mia tano hawezi kufungua kurasa mia tano na kunakili kwa mkono. Yeye hutumia mlango wa pili, ambao wataalamu huuita API. Huu ni utaratibu wa anwani za wavuti ambazo programu huzitumia kuuliza swali na kurejeshewa data tupu, bila picha wala mapambo. Kwa habari zilizo wazi kwa umma, hapahitajiki nywila wala usajili.

Mlango huo uko katika anwani https://datatracker.ietf.org/api/v1/. Baada ya mkwaju wa mwisho hutajwa fungu la habari: doc kwa hati, person kwa watu, group kwa vikundi kazi. Hufuata jina la jedwali, kisha alama ya kuuliza na masharti ya swali. Mfano ni huu:

https://datatracker.ietf.org/api/v1/doc/document/?name=draft-ietf-ltru-4646bis&format=json

Rasimu iliyotajwa hapo inawagusa Waswahili moja kwa moja. Ndiyo iliyozaa RFC 5646 ya Septemba 2009, hati inayoeleza namna lugha zinavyotambulishwa mtandaoni. Kwa kanuni zake, maandishi ya Kiswahili hutiwa alama sw, na anayetaka kubainisha Kiswahili cha Kenya huandika sw-KE. Programu zinazowasomea vipofu kurasa kwa sauti huitegemea alama hiyo katika kuchagua matamshi. Ikikosewa, Kiswahili husomwa kwa lafudhi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu.

Jibu hurudi katika muundo uitwao JSON, nalo lina sehemu mbili. Ya pili, objects, ndiyo yenye rekodi zilizoombwa. Ya kwanza, meta, huelekea kupuuzwa na wenye haraka, na hapo ndipo wengi huteleza. Hifadhidata hii, isipoambiwa vingine, hutoa rekodi 20 tu kwa wakati mmoja. Anayeuliza rasimu zote za kikundi fulani akapata 20, kisha akaandika katika tasnifu yake kwamba kikundi kina rasimu 20, amehesabu ukurasa wa kwanza pekee. Jumla halisi imo katika total_count, na anwani ya ukurasa unaofuata imo katika next. Mwulizaji hana budi kuifuata next hadi iwe tupu.

Jedwali lenye manufaa makubwa zaidi pengine ni relateddocument, linaloeleza hati ipi imechukua nafasi ya ipi. RFC 5646 iliibatilisha RFC 4646 ya mwaka 2006. Hiyo nayo, ikisaidiana na RFC 4647, ilikuwa imeibatilisha RFC 3066 ya mwaka 2001, ambayo iliiondoa RFC 1766 ya mwaka 1995. Kumbuka kwamba RFC ikishachapishwa haibadilishwi kamwe. Msomaji akiishika ile ya 1995, hataona ndani yake neno lolote la kumwonya kuwa imepitwa na wakati. Onyo hilo limo katika rekodi, nje ya hati, na mhandisi asiyeuliza hujenga mfumo wake juu ya kanuni iliyokwisha kuondolewa.

Jedwali la docevent nalo huhifadhi matukio: toleo jipya lilipoletwa, hati ilipobadilisha hatua, ilipoidhinishwa. Saa zake ni za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa tatu. Tukio lililoandikwa saa nne usiku wa Jumatatu lilitokea hapa saa saba usiku, siku ya Jumanne. Kwa hati kongwe matukio haya ni haba, kwa kuwa ziliandikwa kabla ya mfumo wenyewe kuwepo.

Yapo makosa mengine mawili, na haya yanawahusu zaidi wanahabari na watunga sera. Kwanza, kuwemo kwa rasimu ndani ya Datatracker hakuipi mamlaka yoyote. Mtu yeyote duniani aweza kuwasilisha rasimu, nayo huisha muda baada ya siku 185 isipofanywa upya. RFC 2026 ya mwaka 1996, inayoweka taratibu za jopo, inataka rasimu itajwe kama kazi inayoendelea tu. Habari inayosema IETF "imeamua" jambo fulani, huku ushahidi wake ukiwa rasimu ya mtu binafsi, ni sawa na kuita sheria mswada ambao haujasomwa bungeni hata mara moja. Hata rasimu ya kikundi kazi huwa na safari ndefu: ile ya TLS 1.3, itifaki ya kulinda siri za mawasiliano mtandaoni, ilipitia matoleo 29 kati ya 2014 na 2018 kabla ya kuwa RFC 8446.

Kosa la pili ni la kuhesabu mataifa. Jedwali la documentauthor lina nafasi ya nchi ya mwandishi, na Mkenya mwenye shauku atataka kujua wenzake wangapi wameshiriki. Swali hilo ni halali, maana kanuni hizi hutumika kwetu sawa na kwingineko. Lakini nafasi hiyo hujazwa kwa maneno ya mwandishi mwenyewe. Mmoja huandika Kenya, mwingine KE, wa tatu huiacha wazi, na wa nne, mzaliwa wa Kisumu aliyeajiriwa ng'ambo, huandika nchi ya mwajiri wake. Anayeuliza country=Kenya atampata wa kwanza tu. Takwimu itokanayo na swali hilo moja haifai kupelekwa kwenye mkutano wowote.

Tena, jina la mtu halimo ndani ya jibu. Badala yake hutolewa anwani ya rekodi yake katika fungu la person, hivyo swali la pili huhitajika. Programu inayouliza maelfu ya maswali ya aina hiyo bila kupumzika huilemea seva inayotumiwa na wote. Ni heri majibu yaliyokwisha kupatikana yahifadhiwe katika tarakilishi ya mwulizaji. Anayehitaji matini kamili ya hati zote hana haja ya API hata kidogo, kwa sababu IETF huziweka wazi zinakiliwe kwa jumla kwa programu ya rsync, ambayo mara ya pili huchukua zile zilizobadilika tu.