Ushahidi Uliofichwa Chini ya Mtutu: Ukarabati wa Bunduki za Nyundo za Kiingereza na Swali la Uhalisia

Bunduki ya marisau ya Kiingereza yenye mitutu miwili na nyundo za nje, kazi ya miaka ya 1870 au 1880, ikishakarabatiwa husifiwa kwa rangi yake. Michirizi ya kahawia imerudishwa juu ya mitutu iliyosokotwa kwa chuma na feleji, mtambo umechomwa upya katika mkaa wa mifupa hadi ukapata buluu na hudhurungi, na kitako cha mti wa jozi kimekolezwa mafuta. Hapo hutolewa tamko kwamba bunduki imerudi kama ilivyotoka kwa fundi wake. Upande wa pili wapo wahifadhi wanaoshikilia kwamba kuigusa tu ni kuiharibu. Makala haya yanapinga pande zote mbili, kwa kuwa zote zinaisoma bunduki kwa ngozi yake, ilhali ushahidi wake mzito umefichwa chini ya mitutu, mahali pasipoonekana mpaka bunduki ifunguliwe.

Historia ya aina hii haina ubishi mkubwa. Tofauti na gobore linaloshindiliwa baruti mdomoni, bunduki ya Mfaransa Lefaucheux iliyoonyeshwa London mwaka 1851 ilifunguka kwa nyuma, na mafundi wa Kiingereza, Joseph Lang akiwa miongoni mwa wa kwanza, waliifuata. George Daw aliingiza risasi ya kugongwa katikati mwaka 1861. John Stanton wa Wolverhampton akaleta mwaka 1867 mtambo ambao nyundo zake hurudi nyuma zenyewe baada ya kupiga. Mwaka 1875 Anson na Deeley walipata hataza ya mtambo uliozificha nyundo ndani, lakini za nje hazikufa: Lord Ripon na Mfalme George V waliendelea kuzitumia katika karne ya 20.

Ubishi unaanza kwenye ukarabati. Wanaoukataa hutegemea, wakijua au wasijue, hoja aliyoitoa John Ruskin mwaka 1849 dhidi ya ukarabati wa majengo, kwamba ni aina ya uongo, hoja iliyomsukuma William Morris kuanzisha jumuiya yake ya kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Naiheshimu hoja hiyo inapohusu kanisa la mawe. Kuihamishia kwenye bunduki ni kosa. Rangi ya mitutu ilikuwa kitu cha kufanywa upya tangu mwanzo. Mwenye bunduki nzuri aliipeleka kwa fundi msimu wa kuwinda ulipokwisha, ikafunguliwa, ikasafishwa, na ilipochakaa ikapakwa rangi tena. Anayetaka kulinda uso wa awali hana budi kutuambia ni uso wa mwaka gani. Zaidi ya hapo, chombo hiki kilikuwa chini ya sheria kabla hakijauzwa, na sheria hiyo iliacha maandishi juu ya chuma chenyewe.

Nyumba ya Majaribio ya Mitutu ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. London kazi hiyo ilikuwa ya Kampuni ya Mafundi Bunduki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Kila mtutu ulijazwa baruti na risasi kupita kiwango cha kawaida, ukafyatuliwa, ukakaguliwa, ndipo ukagongwa mihuri. Pamoja na mihuri iligongwa namba ya kipenyo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Kipenyo kilipimwa kwa vijiti vya chuma vilivyoingizwa ndani ya tundu. Bunduki nyingi zilizouzwa kama za namba 12 zina muhuri wa 13. Maana yake ni kwamba kijiti cha 13, chenye inchi 0.710, kiliingia, na cha 12, chenye inchi 0.729, kikakataa. Tofauti kati ya hivyo viwili haifiki nusu milimita.

Sasa pima mtutu huohuo leo, inchi 9 kutoka nyuma. Ukipata inchi 0.735, kijiti cha 12 kitapita bila shida, na muhuri wa 13 hausemi tena kweli juu ya chuma uliogongwa ndani yake. Mtu amekwangua tundu ili kuondoa kutu na vishimo. Tundu litang'aa kama kioo, mnunuzi atachungulia na kufurahi, kumbe kung'aa huko ndiko kulikokula chuma, na kisheria mtutu hauhesabiwi tena kuwa umejaribiwa. Sijui ushahidi mwingine katika sanaa za chuma za karne ya 19 unaomwezesha mtafiti kulinganisha hali ya chombo siku kilipokaguliwa na hali yake leo kwa usahihi wa namna hii.

Mihuri pia hupangana kwa tabaka. Onyo la kutotumia risasi ya tufe kwenye mtutu uliobanwa mdomoni huonyesha kipindi cha kanuni za 1875 hadi 1887. Idhini ya baruti isiyo na moshi ilianza kugongwa mwaka 1896. Kipimo cha shinikizo kwa tani kwa kila inchi ya mraba ni alama ya kanuni za 1954. Bunduki yenye tabaka la kwanza na la mwisho imejaribiwa mara mbili, na mtutu wake umeishi maisha mawili yanayoweza kusomwa.

Zipo pingamizi. Ya kwanza ni kwamba pengine fundi wa awali mwenyewe ndiye aliyekwangua tundu baada ya majaribio. Huenda, lakini hilo nalo ni jambo la historia ya bunduki ambalo rangi haiwezi kulifichua. Ya pili ni nzito zaidi: mihuri hulinda ndani tu. Fundi anayekwangua nje ili kufuta vishimo hupunguza unene wa ukuta bila kubadili kipenyo, na sheria ya Uingereza haikuweka unene wa chini, inchi 0.020 ni desturi ya mafundi. Nakubali pengo hilo, na kwa sababu hiyo unene wa ukuta lazima upimwe pamoja na kipenyo.

Kwa kigezo hiki, kazi inayodharauliwa kuliko zote inastahili kutazamwa upya. Mitutu iliyoharibika inapokatwa karibu na sehemu ya nyuma na kuunganishwa na mirija mipya, wakusanyaji husema bunduki imekufa. Lakini kanuni zinadai mitutu hiyo ijaribiwe upya na igongwe neno linalotangaza muungano, na mshono wake kwa kawaida huonekana ukikaribia. Cesare Brandi, katika kitabu chake cha 1963 juu ya nadharia ya ukarabati, alitaka jambo hilohilo: kilichoongezwa kisikatize umoja wa kazi kwa mbali, ila kitambulike kwa karibu. Mtutu uliounganishwa na kutangazwa hivyo ni mkweli kuliko ule wa asili uliokwanguliwa kimya.

Napendekeza, basi, kwamba kila maelezo ya bunduki iliyokarabatiwa, yawe ya makumbusho, ya mnada au ya makala ya kitaaluma, yaanze na mihuri yote ya kila mtutu, kipenyo cha sasa kwa inchi 9, na unene wa ukuta pale ulipo mwembamba zaidi. Rangi na michoro vifuate. Palipokosekana vipimo hivyo, neno "asili" lisiandikwe, hata kama kila parafujo ni ya Birmingham ya 1880.