Mundu Uliozama Ziwani

Wengi wetu twadhani ya kuwa mahali pa sala ni kanisani, na mahali pa jembe ni shambani, wala mambo hayo mawili hayakutani. Tena wako vijana ambao, wakiisha kujua kusoma, huona haya kushika ufagio na kufagia ua wa mama zao. Basi yatufaa kutazama habari za kale.

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, katika Italia, yapata mwaka 480. Alikuwa mwana wa watu wenye cheo, na zamani zile wenye cheo waliihesabu kazi ya mikono kuwa kazi ya watumwa. Alipelekwa Roma kusoma, akayaacha masomo, akaenda Subiaco, na huko akakusanya watawa.

Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake yapata mwaka 593, asimulia ya kuwa mtu mmoja maskini, wa kabila la Wagoti, aliingia utawani. Benedikto akampa mundu afyeke miiba kando ya ziwa, pafanywe bustani. Mgoti akafyeka kwa nguvu zake zote. Mara chuma kikachomoka katika mpini, kikazama kilindini. Akamwendea Mauro, mtawa mwenziwe, huku akitetemeka, akakiri hasara ile. Benedikto alipopata habari alikuja, akautia mpini majini, na chuma kikapanda, kikaingia mahali pake. Akamrudishia Mgoti mundu wake, akamwambia afanye kazi wala asihuzunike.

Wajuao Maandiko watakumbuka shoka la siku za Elisha. Lakini na tuangalie pia watu wenyewe. Wagoti ndio walioitawala Italia siku zile, na Mauro alikuwa mwana wa mkubwa wa Roma. Utawani walikuwa ndugu.

Yapata mwaka 529 Benedikto alihamia Monte Cassino, na huko akaandika Kanuni yake. Ndani yake siku imegawanywa: saa za sala, saa za kusoma, saa za kazi ya mikono. Aliyevunja au kupoteza chombo, jikoni ama bustanini, yampasa kwenda mara moja kukiri mwenyewe. Aliyeacha chombo kichafu hukemewa. Tena mtunza ghala huagizwa kuvitazama vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare.

Watawa wa Kanuni hiyo walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Basi, ndugu wasomaji, jembe lililoachwa mvuani latushuhudia jinsi tunavyoitunza amana ya Mungu. Mtoto avunjaye mtungi akaja kusema kweli, tusimpige kwa hasira. Tumpe kazi tena, kama Mgoti alivyopewa mundu wake. Nasi tulio na elimu, na tuwe wa kwanza kushika ufagio asubuhi, ili wadogo zetu wasijifunze kwetu kuidharau kazi.