Steve alikuwa mwanamke, na ofisi ilikuwa meza ya chakula

Wandugu, nimekuwa kimya wiki tatu nzima na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nagombana na kazi. Wengi mnajua kwamba tangu mwaka jana sikanyagi chumba cha habari. Naandikia chumbani kwangu hapa Tabata, mhariri wangu yuko nchi nyingine, na kati yetu kuna laptopu, kifurushi cha intaneti na jogoo wa jirani. Siku za mwanzo nilidhani nimeingia peponi: hakuna kugombania daladala, hakuna foleni ya Barabara ya Mandela. Baada ya miezi minane nikajikuta naamka asubuhi na kukodolea macho kile kitone cha kijani kinachowaambia wakubwa kwamba upo mtandaoni, huku nikijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoisomea.

Juzi tukiwa kwenye kikao cha mtandaoni jogoo akawika. Nikaomba radhi. Akawika tena, nikaomba radhi tena, kisha nikazima kipaza sauti. Usiku nikakaa kitandani nikiwaza: hivi naomba radhi kwa kosa gani? Kwa kuwa naishi mahali? Hapo ndipo nikamkumbuka Steve.

Steve huyu alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, tena Myahudi, na mnajua maana yake katika Ujerumani ya miaka ile. Mwaka 1939, akiwa na miaka mitano tu, alipandishwa treni pamoja na dada yake wakapelekwa Uingereza, wakiwa miongoni mwa watoto karibu 10,000 waliookolewa kwa njia hiyo. Akalelewa na wazazi walezi, akapenda hesabu, akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza kule Dollis Hill, London. Alipoolewa akawa Stephanie Shirley.

Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake nyumbani, kwenye meza ya chakula, kwa mtaji wa pauni 6. Aliiita Freelance Programmers. Watu walicheka, kwa sababu wakati huo programu za kompyuta zilitolewa bure pamoja na mashine, sasa nani angezinunua peke yake? Lakini kilichowachekesha zaidi ni nguvukazi yake. Aliwakusanya wanawake waliokuwa wamesomea na kufanya kazi ya kompyuta, kisha wakaacha kwa sababu wameolewa au wamezaa, kama ilivyokuwa desturi. Akawaambia: rudini kazini, lakini msitoke nyumbani. Kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu tu.

Msije mkadhani walikuwa na kompyuta nyumbani. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa inajaza chumba. Sharti kubwa lilikuwa kuwa na simu. Mama anakaa jikoni na penseli, anaandika programu mstari kwa mstari kwenye karatasi maalumu. Akimaliza anaitia kwenye bahasha, inakwenda kwa posta mahali pa kutobolea kadi, na kadi zinapelekwa kwenye mashine ya kukodi, mara nyingi usiku wakati haina shughuli. Ukikosea herufi moja, safari yote inaanza upya. Kwa hiyo walikagua kazi yao kwa mkono, tena na tena, kabla ya kubandika stempu.

Mimi nimekaa sana kwenye picha hii. Anayesoma harakaharaka ataona mateso: polepole, posta, penseli. Mimi naona kitu ambacho sina. Naona mtu aliyeachwa afikiri. Hakuna aliyeweza kumwuliza saa tatu na dakika kumi mbona hayupo. Mteja alikubaliana bei na kampuni kwa kazi nzima, basi kilichotazamwa ni kazi iliyokamilika. Kama uliifanya saa nane usiku mtoto akiwa amelala, hiyo ni juu yako.

Na kazi zenyewe hazikuwa za kubangaiza. Programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, ile iliyokuja kuruka kwa kasi kuliko sauti, iliandikwa na wanawake hawa majumbani mwao. Ipo picha ya mwaka 1966 ya Ann Moffatt, aliyehusika na kazi hiyo, akiwa mezani na makaratasi yake na mtoto wake mchanga pembeni. Concorde yenyewe iliruka mara ya kwanza Machi 1969.

Sasa turudi kwa jogoo wangu. Stephanie aliandika barua nyingi za kutafuta wateja akitia sahihi ya jina lake, hazikujibiwa. Mume wake akamshauri atumie "Steve". Milango ikaanza kufunguka, na wateja walishtuka tu pale Steve alipoingia ofisini kwao na gauni. Na mteja alipopiga simu, Stephanie aliwasha kanda aliyorekodi mlio wa taipureta, ili sauti za nyumbani zifunikwe na mtu wa upande wa pili adhani amepiga ofisi kubwa yenye makarani. Jamani! Mwanamke aliyebuni ofisi ya aina mpya ilibidi aigize ofisi ya zamani ili alipwe. Zaidi ya miaka 60 baadaye mimi nazima kipaza sauti kwa sababu ya kuku.

Nisiwapambie mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uchumi ulipodorora kampuni ilikaribia kuzama, na mtu wa mkataba ndiye wa kwanza kukosa kazi. Halafu sioni baba kwenye zile simulizi za kubembeleza mtoto huku ukiandika programu. Stephanie mwenyewe alizaa mtoto wa kiume mwaka 1963, ambaye baadaye ilionekana ana usonji mkali, na akabeba mzigo huo pamoja na kampuni hadi mwili ukagoma.

Pia kuna kichekesho cha serikali. Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia, na ghafla kampuni iliyoundwa kuwapa wanawake kazi ikawa inavunja sheria kwa kupendelea wanawake. Ikabidi wanaume waingizwe, wakiweza.

Lakini jambo lililonifanya nisilale ni la hisa. Shirley aligawa sehemu ya kampuni kwa wafanyakazi wake. Ilipoingia kwenye soko la hisa la London mwaka 1996, wafanyakazi wapatao 70 waligeuka mamilionea. Yule wa jikoni alikuwa mwenye mali. Baadaye kampuni ikaitwa Xansa, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Wafaransa wa Steria. Mama mwenyewe alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Mwaka 2020 korona ilipowarudisha watu majumbani, tuliambiwa ni majaribio ambayo dunia haijapata kuyaona. Waajiri wengi wakanunua programu za kuhesabu mara ngapi umegusa kibodi. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeshajaribu kwa penseli na stempu, akamwamini mfanyakazi, na ndege ikaruka.

Basi jana nimemwandikia mhariri wangu. Nimemwambia nataka makala mbili ndefu kwa mwezi badala ya vihabari sita kwa siku, jina langu liwe juu, malipo kwa kazi iliyokamilika, na kile kitone cha kijani nitakizima. Nimemwambia pia kuhusu jogoo, kwamba yupo na ataendelea kuwika. Amejibu kwa mstari mmoja: tuongee Jumatatu. Tumbo linaniuma kidogo, kwa sababu kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao na mwenye nyumba wangu hapokei hisa.

Ninyi mnaofanya kazi nyumbani, mtoto akilia katikati ya kikao huwa mnasemaje?