Mzinga wa Mti na Grisi ya Liemba



Liemba tunaijua kwa abiria, dagaa na magunia ya mahindi. Lakini meli hiyo ilianza maisha ikiwa manowari, kwa jina la Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto.

Meli ya vita huhitaji mzinga, na mzinga wake ulitoka mbali. Mnamo Julai 1915 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliangamia katika delta ya Rufiji. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu. Mmoja ulisafiri kwa treni kiasi cha kilometa 1,250 hadi kwetu, ukafungwa kwenye Götzen. Ziwani hapakuwa na chombo cha kushindana nayo.

Mwaka 1916 jeshi la nchi kavu la Lettow-Vorbeck lilihitaji mizinga zaidi. Ule wa Götzen ukang'olewa, na mahali pake pakawekwa wa mti ili adui aukione kitisho kile kile. Kusini, katika boma la Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, mambo yalikuwa hayo hayo. Juni 1916 kamanda Mwingereza Spicer-Simson aliogopa kulikaribia boma kwa sababu ya mizinga yake, Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi. Baadaye ikaonekana mizinga ile ilikuwa magogo.

Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, hiyo ni mali iliyoandikwa lakini haipo. Inaweza kumtisha mgeni kwa muda. Haifyatui hata risasi moja.

Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa dizeli.

Tazameni tofauti. Mzinga wa mti ulifaa kwa miezi michache tu. Grisi, ambayo hakuna aliyeiona wala kuisifu, ilitupatia usafiri kwa vizazi.

Ndiyo maana tunaileta hadithi hii katika kijitabu cha harambee. Sote tumewahi kuona jengo lililozinduliwa kwa ngoma na utepe, kisha pampu ikafa kwa kukosa kipuri, au zahanati ikabaki kuta na kibao cha rangi. Huo ni mzinga wa mti. Tunaomba mwaka huu, katika kila shilingi mtakayochangia kujenga, tukubaliane kutenga sehemu kwa ajili ya matunzo: vipuri, rangi, paa, ujira wa fundi. Fungu hilo halina picha nzuri ya kupiga, lakini ndilo grisi yetu.

Karibuni tuchange.